Amfibi inaingiza maji, inavuta upande, ao inakosa nguvu? Anza hapa mbele ya kununua pyesi (vipuri)

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani. Amfibi ni kale kagari kadogo ka mapine sita ao nane, mapine manene ya presha ndogo, body ya plastiki kama beseni, nyingi hazina usukani, ziko na levye mbili za mkono, unavuta ya kuume inageuka kuume, unavuta ya kushoto inageuka kushoto. Inatembea ku mawe, inatembea mu matope, na ikifika ku maji inaelea, mapine yenyewe njo yanaisukuma. Argo za Kanada zilianza mu 1967, kuko Max za Marekani, na kuko zingine za zamani zenye kampuni zake zilishakufa. Huku Goma, ku ziwa Kivu, ziko chache sana, na ukipata moja ya bei yenye mfuko wako unaweza, ujue imechoka, hakuna mwenye atakuuzia nzima kwa bei ya pikipiki.

Yangu niliipata imechoka. Miezi ya kwanza nilipoteza pesa kwa kununua vitu vyenye havikuwa na kosa, na pyesi ya hizi mashine inatoka mbali, unalipa pyesi, unalipa usafiri, unalipa ku barrière, halafu unafunga na shida iko palepale. Njo maana naandika hivi, dalili kwanza, sababu nyuma, pesa mwisho.

Na kitu kimoja ukishike tangu sasa: maji ya ziwa hayaui amfibi, maji yenye kubaki ndani njo yanaiua. Sheni (minyororo) zote, rulema (beringi), freni, kurua (mkanda wenye kupeleka nguvu ya injini), waya za umeme, vyote vinakaa mu tumbo la ile beseni, kwa hiyo maji kidogo tu yakilala mule wiki mbili, utaona sheni inapiga kelele, freni haishiki, kurua inateleza, batri inakufa, na utafikiri uko na magonjwa manne wakati ugonjwa uko moja.

MAJI YANAINGIA

Hapa tutakaa sana juu hapa njo kuko kazi.

Swali la kwanza si "inaingilia wapi", swali ni "inaingia haraka namna gani". Kama umeingia mu maji na mu dakika mbili miguu imelowa, usifikirie kitu cha ajabu, ni bushoni (kizibo). Chini ya body kuko tundu moja ao mawili ya kutoa maji, na kila moja iko na bushoni yake, mtu anaosha mashine, anafungua, anasahau kufunga. Ilinitokea karibu na ukingo na tulisukuma kwa mikono watu watatu kurudi ku mchanga, tangu siku ile bushoni nikiitoa naifunga na kamba ku levye ya kuume, siwezi kushika levye bila kuiona. Fanya vile. Ni bure.

Kama maji yanaingia polepole, tuseme nusu saa mu maji na unakuta kama bidoni (jerikani) nusu, hapo ni mahali mihimili ya mapine inapita mu body. Amfibi ya mapine sita iko na matundu sita kama hayo, na yote yako chini ya mstari wa maji ikielea. Kila tundu iko na rulema, mpira wa kuzuia maji, na grisi. Mpira ukizeeka ao rulema ikilegea, mhimili unacheza, ukicheza unapanua nafasi, maji yanapita. Shika pine moja na mikono miwili, moja juu moja chini, tikisa kwa nguvu. Ikicheza sawa jino bovu, umepata mmoja. Pita ku zote sita, andika ku karatasi.

Lakini kuko njia bora zaidi ya kujua, na hii njo ningependa kila mtu afanye mbele ya kununua hata bolti moja. Usiweke mashine mu maji, weka maji mu mashine. Ipandishe ku mawe ao ku matofali, sawasawa, isiegame, toa batri, funga bushoni, halafu mimina maji ndani na mabidoni mpaka yapite kidogo juu ya mihimili, isifike ku injini wala ku kurua. Zunguka sasa na tochi chini yake. Kila tone lenye linatoka nje ndipo maji yanaingilia. Weka alama na kipande cha chaki. Yangu nilikuwa na hakika shida iko ku mapine ya nyuma, kumbe ya nyuma yote ilikuwa kavu, maji yalitoka ku mhimili wa katikati kushoto na ku mpasuko mmoja chini ya kiti wenye sikuuona miezi yote, na nilikuwa karibu kuagiza rulema mbili za nyuma. Ukimaliza toa maji yote, iache ikauke na jua, halafu paka sheni mafuta siku ileile, usingoje kesho.

Mbele ya kubadilisha rulema, jaribu grisi. Mashine nyingi ziko na chuchu ya grisi pale. Pampu ya mkono, polepole, mpaka grisi ya zamani itoke na mpya ionekane. Grisi yenyewe inasukuma maji nje. Polepole nasema juu ukisukuma kwa nguvu sana, ama ukitumia ile pampu ya hewa ya ku garaji, unaweza kutoa mpira mu nafasi yake, na sasa umejitengenezea tundu lingine. Kama mhimili ulikuwa hauchezi sana, grisi peke yake inapunguza maji mingi. Kama unacheza, rulema paka ubadilishe, lakini usikimbilie kuagiza ng'ambo: toa ile ya zamani, safisha, soma namba ku pete yake. Kama ni rulema ya kawaida, namba yake inajulikana dunia nzima na wauza rulema wa mujini wanaweza kuwa nayo. Kama ni ile yenye pete ndefu ya kufunga ku mhimili, peleka yenyewe mkononi, wasikupe yenye inafanana na macho tu.

Sasa mipasuko ya body. Mawe ya volkano hayana huruma. Lile jiwe lenye lilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa mu 2002 ni kama msumeno, na ukipita juu yake na body iko chini, inakwaruza, inakata, na siku moja inapasuka. Watu wanakimbilia kole (gundi). Kole ya aina zote, ile ya bomba mbili pia, inashika siku tatu halafu inabanduka kama ngozi ya ndizi, na kosa haiko ku kole, iko ku plastiki. Body nyingi ni plastiki yenye haikubali kole hata kidogo, ni familia moja na yale mabidoni ya manjano tunachotea maji. Namna ya kujua: kwangua kipande kidogo sana, kama ukucha, mahali pasipoonekana, tupa mu glasi ya maji. Ikielea, ni familia ya bidoni. Ikizama, ni plastiki nyingine ngumu ao ni fibre, na hizo kole inazishika.

Kama inaelea, umepata bahati kubwa juu dawa yake iko kila mahali mu muji huu. Tafuta bidoni ya zamani yenye kupasuka, angalia chini yake kama kuko alama ya pembetatu na namba 2, ikate vipande virefu na vyembamba kama tambi. Hiyo njo waya yako ya kusude (kuunganisha kwa kuyeyusha). Ku mwisho wa mpasuko, pande zote mbili, toboa tundu ndogo, milimita 3 ao 4, ili mpasuko usiendelee. Fungua mpasuko na kisu uwe kama mfereji, safisha, kausha kabisa, halafu na chuma cha moto, kile cha kusudia waya za radio kinatosha, yeyusha body na ile tambi pamoja, si tambi juu ya body, pamoja, mpaka vichanganyike. Pande ya ndani na ya nje. Fanyia mahali pa hewa, na usiguse karibu na tanki ya esanse (petroli), toa tanki kwanza. Jaribu kwanza ku kipande cha bidoni mpaka mkono uzoee, mimi nilihitaji siku mbili za mazoezi. Kama mpasuko ni mkubwa, sahani ya aluminiamu na ribeti na ile kole ya mpira ya kuzuia mvua katikati inasaidia, hapo ribeti njo inashika, kole inaziba tu.

Na kuko maji yenye hayaingilii chini, yanaingilia juu. Ukiona mashine imekauka ku jaribio la mabidoni lakini mu ziwa inajaa, umebeba kupita kiasi ao umepakia vibaya. Soma plaki yake: uzito wa ku udongo na uzito wa mu maji si sawa. Argo nyingi za mapine sita zinabeba watu wanne ku udongo na wawili tu mu maji. Watu wanaona viti vinne wanapanda wanne. Na kumbuka kila litre yenye imeingia ni kilo moja, bidoni tatu za litre 20 ni mtu mzima mwenye umebeba bila kumwona, na yeye hakai mahali moja, mashine ikiegama kushoto anakimbilia kushoto.

INAVUTA UPANDE MOJA

Umeachilia levye zote mbili na bado inakwenda kushoto peke yake. Wengi wanafungua freni hapo. Ngoja. Chukua kamba.

Mapine ya upande moja yote yanazunguka pamoja juu yamefungwa na sheni. Kama mapine ya kushoto ni madogo kidogo kuliko ya kuume, kila mzunguko kuume inakwenda mbali zaidi, na mashine inageuka upande wa mapine madogo. Zungushia kamba katikati ya kila pine, pima, linganisha. Unafanya yote sita yalingane na hewa, unaongeza hapa unapunguza pale. Na si upande kwa upande tu: kama upande moja pine ya mbele ni kubwa na ya katikati ni ndogo, zinapigana, moja inataka kwenda na nyingine inarudisha, na mwenye anaumia ni sheni.

Juu ya hewa yenyewe. Hii mapine inataka presha ndogo sana, mara nyingi kati ya psi 2 na 5 kufuatana na mashine na mzigo, soma ubavu wa pine. Pikipiki inakunywa mara kumi ya hiyo. Kwado wa barabarani, ule wa kuziba na kujaza mapine, hana kipimo chenye kinasoma psi 3, kipimo chake kinaanzia juu sana tayari, na akikuwekea sawa ya pikipiki pine itavimba kama puto, inaweza kuruka ku rimu ama kupasuka usoni mwake. Usimwachie mtoto wa kwado hiyo kazi peke yake, mwambie kwa heshima na ubaki pale. Mimi natumia pampu ya baiskeli, ile ya mkono, na kamba yangu. Kamba inasema ukweli kuliko kile kipimo.

Kama mapine yanalingana na bado inavuta, sasa ndiyo, freni. Simamisha mashine, ipandishe, weka hakuna vitesi (hakuna gia), zungusha pine za kila upande na mkono. Upande wenye uko mzito, freni inashika wakati haitakiwi, na mara nyingi ni kutu ya ile maji tumesema. Safisha, regula, fungua kidogo.

UNAVUTA LEVYE NA HAIGEUKI

Kama imetoka mu maji sasa hivi, freni zimelowa. Vuta levye zote mbili kidogokidogo huku unatembea polepole mita kama hamsini, joto linazikausha. Ikirudi kushika, hakuna shida.

Isiporudi, angalia mambo matatu kwa mpango huu juu ya kwanza ni bure: nafasi ya levye, yaani unavuta mpaka mwisho na haijashika, hapo ni kuregula tu. Ya pili, mafuta ku freni, mtu alipaka sheni mafuta akamwagia freni, safisha. Ya tatu, freni imekwisha. Ujue pia mashine hazifanani: ku zingine ukivuta levye nusu unakata nguvu ya upande ule tu, ukivuta yote njo inafunga, ku zingine kuvuta kunafunga upande moja na ule mwingine unaongeza mbio. Mwenye hajui anasema "haigeuki" wakati hajavuta mpaka mwisho.

Na usizungushe mashine palepale ku mawe makavu kwa kufurahisha watoto. Mapine sita yanakwaruza kwa upande, freni zinachemka, sheni zinavutika. Geuka ukitembea, duara kubwa.

KELELE YA TAKATAKATAKA

Sheni. Imelegea inaruka meno, ao imekauka. Iangalie kwa macho kwanza, ukiona vumbi jekundu ni kutu, paka mafuta. Mafuta machafu yenye umetoa ku injini watu wanapenda kuyatumia juu ni ya bure, mimi siyatumii, iko na vipande vya chuma vidogo, na zaidi ya yote ukifungua bushoni yanakwenda ziwani, na ziwani njo mama zetu na watoto wanachota maji ya kunywa. Nunua mafuta mapya kidogo, litre moja inakaa muda mrefu.

Kujua kama sheni imekwisha hauhitaji fundi. Ivute inyooke, hesabu pini 13, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya ile ya 13, ni nafasi 12. Kama sheni yako ni ya namba 50, ikiwa mpya inapima milimita 190 na nusu. Ikifika 195, badilisha, na angalia meno ya gia kama yamekuwa kama ndoano, yakiwa hivyo sheni mpya itakufa mbio.

Sheni ya pikipiki inaweza? Swali linaulizwa kila siku. Pikipiki nyingi za kazi hapa zinavaa sheni ya 428, nafasi yake ni milimita 12.7, haiwezi kuingia ku meno ya namba 50 yenye nafasi ni 15.875. Ile ya 520 nafasi iko sawa lakini ni nyembamba ndani, haikai ku gia pana. Ya 530, ya pikipiki kubwa, njo inalingana. Ukiipata kwa bei nzuri kata urefu wako. Usikubali kuunganisha aina mbili mu sheni moja, hata fundi akikuapia.

INJINI INALIA LAKINI HAIENDI, AO INAENDA BILA NGUVU

Sikiliza mbele ya kufungua. Ukikanyaga na sauti inapanda juu sana lakini mashine inabaki, injini iko nzima, kurua inateleza. Imelowa ao imekwisha. Kama imelowa, weka hakuna vitesi, pandisha injini kidogo, kurua inazunguka inakauka. Kama ubavu wa kurua unang'aa kama kioo ao umepungua upana, badilisha, na beba moja ya akiba, ni pyesi moja yenye nakubali ununue mapema.

Ukikanyaga na sauti haipandi, hapo ni injini. Na huku kwetu kuko sababu yenye vitabu vya hizi mashine vinaigusa mara moja tu: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, injini ya kabirateri inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake hata ikiwa mpya, na kama kabirateri iliregulwa kwa nchi ya chini, inapata esanse mingi kuliko hewa. Toa buji (plagi ya injini). Nyeusi, kavu, kama masizi ya sufuria: esanse ni mingi. Dawa ni jikleri (katundu ka kupitisha esanse mu kabirateri) ndogo zaidi. Fundi mmoja mzuri tu, wa pikipiki, alitaka kupanua tundu ya jikleri yangu "ipate nguvu", na ku mlima huku ile inaongeza ugonjwa. Ndogo, si kubwa.

Lakini mbele ya jikleri, filta ya hewa. Vumbi letu jeusi linajaza filta mu siku chache, na filta yenye kufungika inaleta buji nyeusi ileile. Ya sponji unaosha na sabuni, unakausha, unapaka mafuta kidogo, unakamua. Ukiisha kufanya hivyo na buji bado nyeusi, sasa ongea habari ya jikleri.

Esanse nayo. Ukinunua kwa kadafi, muuzaji wa esanse ya chupa barabarani, weka mu chupa ya plastiki yenye unaona ndani usiku moja, maji yakiwamo yanalala chini na utaona mstari. Na tone moja ku karatasi: esanse safi inakauka inaacha karatasi kama ilivyokuwa, ikiacha doa la mafuta iko na mafuta ya taa ndani. Sisemi wauzaji wote ni wabaya, yule wangu ni mtu mwaminifu, lakini naye anauziwa.

INJINI INAZIMA MU SHIMO KARIBU NA ZIWA

Hii dalili naomba uisome mara mbili.

Pande za Himbi, Keshero, Bulengo mpaka kule Lac Vert, kuko mashimo na mabonde madogo yenye mazuku. Ni gaz ya volkano, haionekani, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inalala chini kama maji, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Inaua mbuzi, inaua watu. Injini inahitaji hewa sawa wewe, na amfibi njo ile mashine yenye inakushusha mahali pasipokuwa njia, mu vichaka vya ukingo, na unakaa chini kabisa karibu na udongo.

Kwa hiyo kama ilikuwa inatembea vizuri na umeshuka mu kishimo ikaanza kukohoa na kuzima, usiiname kuangalia kabirateri. Usijaribu kuwasha tena. Simama wima, toka, panda juu, haraka, na mwite mwenzako apande naye. Mashine iache. Ukiona wanyama wadogo ao ndege wamekufa pale, ndio hivyo. Urudi saa ya upepo na kamba ndefu, uivute kutoka juu na mtu asishuke. Ikiwaka juu bila shida yoyote, umejua haikuwa injini.

MU MAJI HAIENDI

Mara nyingi hii si ugonjwa. Na mapine peke yake, mu maji yenye yametulia, hizi mashine zinakwenda kama kilometa 4 ao 5 kwa saa, mtu anayetembea na miguu. Kama umefikiria kwenda ku kisiwa cha Idjwi na amfibi, acha. Upepo ukiamka unakurudisha, na body iko karibu sana na maji, wimbi la nusu mita linaingia ndani. Kaa mu vighuba, fuata ukingo, mahali unaweza kuogelea kutoka. Wandugu wa Bukavu, mbali kabisa na pale Ruzizi inatokea ziwani, mkondo wa mto na kilometa 4 kwa saa havipatani.

Kama ilikuwa inakwenda na sasa inakwenda polepole zaidi: meno ya mapine yamekwisha, ao mzigo umelala nyuma na pua imepanda, ao maji yako ndani, rudi juu kabisa ku mwanzo. Sogeza mzigo mbele kidogo uone. Bei ndogo kabisa ya kuongeza mwendo ni kasia mbili za wavuvi, na hizo uwe nazo kila siku juu injini ikizima katikati hakuna mtu wa kusukuma.

KUHUSU PESA, MPANGO WANGU

Jile ya kuelea kwanza, moja kwa kila mtu, mbele ya kitu chochote cha mashine. Halafu bidoni iliyokatwa ya kutolea maji, na kamba ndefu. Halafu grisi na mafuta ya sheni. Halafu pampu ndogo ya umeme ya volti 12 ya kutoa maji, lakini ukiwa nayo usitupe ile bidoni juu batri ikifa pampu imekufa. Halafu kurua ya akiba. Rulema moja moja kufuatana na ile karatasi yako, ile yenye inacheza zaidi ianze. Viti vizuri, taa, rangi, injini ya nyuma ya boti, hivyo vingoje mwaka kesho.

Na ukitoka ziwani kila mara, panda mahali pa mteremko, elekeza upande wa bushoni chini, fungua, na usiache maji yamwagike tu hivi: yapokee mu chombo, pima, andika tarehe na kiasi na dakika ngapi ulikuwa mu maji. Daftari yangu inaanza na bidoni moja na nusu kwa nusu saa. Ukurasa wa mwisho ni glasi mbili, na zote mbili bado zinatoka ku mhimili wa katikati kushoto, rulema yake inakuja wiki ijayo.